Betri Tatu za Aune

Hietavaara, 4 Novemba 1974

Mdogo wangu Reino,

Huku nyumbani tupo. Mama ni mzima isipokuwa lile goti la kushoto, ambalo siku hizi linajua theluji kabla ya redio. Viazi viliingia ghalani vyote ardhi ikiwa bado laini, na kibanda cha sauna kimepata bomba jipya la moshi, hatutokwi machozi tena tukioga mvuke. Mama anauliza kama unakula. Nimemwambia unakula. Ile picha yako ya ovaroli bado iko ukutani, na hakuna mgeni anayemaliza kikombe cha kahawa hapa bila kuonyeshwa: "Huyu ndiye Reino wetu, fundi wa mabasi Gothenburg."

Sasa lililonikalisha mezani. Teksi inanitesa. Tangu katikati ya Oktoba taa zinafifia nikiwasha feni ya hita, na asubuhi stata inazunguka kama mzee anayepanda ngazi. Mara mbili gari limegoma kabisa, na mara zote mbili ilikuwa siku ya shule. Unajua halmashauri ilinipa njia ya Ylikylä, watoto wanne wa shule, kilomita ishirini na mbili kwenda na ishirini na mbili kurudi. Bila njia hiyo teksi yangu haina kazi. Nani mwingine hupanda teksi huku, kulungu? Na katibu wa halmashauri ameniandikia barua yenye muhuri: nikiwaacha watoto njiani mara ya tatu, njia atapewa mwingine.

Nilipeleka gari gereji kwa Urho. Hakufungua kitu. Alitoa betri mpya kwenye rafu, akaifunga, akafuta mikono. Nikamuuliza, "Na kama si betri?" Walikuwepo wanaume watano wanakunywa kahawa. Akawageukia wao, si mimi. "Gari halina ubaya, Aune. Wanawake mnashuka na mikoba, na watoto, na mawazo, taa mnaisahau." Wote wakacheka, hadi yule kiziwi.

Reino, huu mwaka wa sita naendesha teksi. Sijawahi kusahau taa hata mara moja. Niambie nifanye nini.

Dada yako,
Aune


Gothenburg, 13 Novemba 1974

Dada Aune,

Nakuandikia jikoni, Wafini sita na jiko moja, na mmoja wao anakaanga samaki anayefaa kuzikwa kuliko kuliwa. Mimi mzima. Mvua ya hapa hainyeshi kutoka juu, inakuja kwa ubavu. Mwambie mama nakula, na soksi zimefika, na zinanitosha.

Nimesoma habari ya Urho mara mbili, na mara ya pili nilisimama. Kucheka! Mtu analetewa gari gonjwa, anacheka! Sikiliza, Aune. Betri ni ndoo tu. Alternata, inayotengeneza umeme injini ikizunguka, ndiyo kisima. Ukiamka kila siku ukaikuta ndoo tupu, mtu mwenye akili anakwenda kuangalia kisima. Urho anakuuzia ndoo kwa sababu ndoo ndizo alizo nazo dukani.

Fanya hivi. Kwanza fenibelti, ule mkanda unaozungusha alternata. Zima injini, ubonyeze mkanda kwa kidole gumba katikati ya magurudumu yake mawili. Ukizama zaidi ya unene wa kidole, umelegea, na mkanda uliolegea unateleza, alternata haizunguki inavyopaswa. Kama umekaza vizuri, rudi kwa Urho, na safari hii asiguse rafu ya betri. Aweke mita injini ikiwa inanguruma. Akipata chini ya volti kumi na tatu na nusu, alternata haichaji: afungue atazame yale makaa madogo ya ndani, huwa yanaisha kama kalamu ya risasi. Akisema hawezi, mwambie mimi hapa kazini nafungua alternata za mabasi kila wiki.

Na asikuambie gari limechakaa. Gari hilo nililihudumia mwenyewe Julai, chini yote, boliti kwa boliti. Watu walikuja kuangalia.

Ndugu yako,
Reino


Hietavaara, 1 Desemba 1974

Reino,

Theluji imefika magotini. Mama amekufumia glavu, zinakuja na kifurushi cha Krismasi pamoja na mkate wa shayiri, usiwaachie hao watano wenzako. Jirani yetu Elsa amezaa mapacha, mume wake anatembea kama aliyepigwa nyundo.

Mkanda umekaza. Nilibonyeza mwenyewe, nikamwonyesha na Urho. Akaweka mita yake juu ya alternata, injini ikinguruma. Sindano ikapanda hadi kumi na nne na kidogo. Akaniita nione. "Haya, soma. Kusoma unajua?" Nikasoma. "Alternata hii ni nzima kama mtoto aliyezaliwa jana. Sasa mwambie huyo bwana mkubwa wa Uswidi." Nikamwambia uliyosema kuhusu makaa. Akasema, "Nifungue alternata nzima kwa sababu ya barua?"

Basi ameweka betri ya pili. Anasema ile ya kwanza ilitoka kiwandani na kasoro. Halafu akasema, tena polepole kama anayemhurumia mtu, "Hii nayo ikifa, Aune, tutakuwa hatuna wa kumlaumu ila mmoja."

Niliachia breki ya mkono nikaondoka bila kuaga. Mpwa wa katibu amenunua gari la abiria, la kijani. Linaegeshwa kila siku mbele ya ofisi ya halmashauri, limeoshwa.

Utakuja Krismasi?

Aune


Gothenburg, 14 Desemba 1974

Dada Aune,

Heri ya Krismasi kwako na kwa mama. Sitakuja. Zamu hazikukaa vizuri. Usiniulize sana habari ya zamu.

Urho amedanganya kipimo, au mita yake ni ya kupimia uji. Haiwezekani alternata itoe kumi na nne halafu betri ife. Kitu kizima hakiui kitu kizima. Labda kuna mahali umeme unavuja gari likiwa limezimwa. Kila jioni vua waya mmoja kwenye kichwa cha betri, urudishe asubuhi. Betri ikikutwa imekufa hata hivyo, basi haivuji, ila haijai. Niandikie utakachoona, mara moja, usingoje kalenda.

Hilo gari la kijani limenitia uchungu hadi nimeshindwa kula, na samaki leo alikuwa mzuri. Watu wazima, wenye vyeo, wanakaa dirishani wanasubiri gari la mwanamke lizime! Mwambie katibu nimesema hivyo. Au usimwambie. Lakini nimesema.

Reino


Gothenburg, 19 Januari 1975

Aune,

Salamu kwa mama. Wiki tano! Nimeandika barua, nimeandika na kadi ya mwaka mpya, kimya. Nikajisemea ni posta. Nikajisemea ni theluji. Jana nimekaa kantini, Kauko wa Hietavaara amerudi kutoka likizo, ananitazama kwa huruma, anasema, "Pole kwa mambo ya dada yako na wale watoto."

Mambo gani? Watoto gani? Nilijifanya najua. Nikatikisa kichwa kama mjinga, nikameza kahawa ya moto ikaniunguza ulimi, kwa sababu sikutaka Kauko ajue kwamba habari za nyumba yetu nazipata kwake! Mimi ni ndugu yako au ni mpangaji? Andika. Andika hata kama ni mbaya. Hasa kama ni mbaya.

Reino


Hietavaara, 27 Januari 1975

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Anajua nusu tu ya haya, na nusu hiyo nimeikata ncha, kwa hiyo usimwandikie.

Ilikuwa tarehe nane, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Usiku kucha gari lilikuwa limechomekwa ukutani, hita ya injini inafanya kazi, waya wa betri nimevua kama ulivyosema. Hata hivyo asubuhi betri ilikuwa dhaifu vilevile, kwa hiyo haivuji. Hilo ndilo jibu ulilokuwa unangoja. Gari likawaka kwa shida, likaenda. Nikawachukua watoto wote wanne. Kwenye mlima wa Ylikylä taa zikawa rangi ya chungwa, kisha kahawia, feni ikanyamaza, injini ikakohoa mara mbili. Basi.

Tulisubiri dakika kumi na tano, hakupita mtu. Nikawatoa. Tulitembea kilomita mbili hadi nyumba ya kwanza, nimembeba Pirjo, yule wa darasa la kwanza, tunaimba kwa nguvu ili nisikie kama wote wapo. Pirjo aliganda vidole viwili vya mguu. Vimepona, ngozi imebanduka tu. Lakini mama yake hajanitazama usoni tangu siku ile, na mimi simlaumu.

Urho aliweka betri ya tatu. Safari hii hakucheka. Alitikisa kichwa, na hilo ni baya zaidi. Tarehe ishirini Februari kamati ya shule inakaa, na shauri la kwanza ni njia ya Ylikylä. Kwenye karatasi yao wameandika "uzembe wa dereva". Nimeiona kwa macho yangu mezani kwa katibu. Wameniruhusu kuendesha hadi siku hiyo kwa sharti gari la kijani linifuate nyuma. Kila asubuhi naliona kwenye kioo.

Sikukuandikia kwa sababu sikuwa na la kusema ila kwamba labda wana haki. Ukiambiwa jambo na watu wote kila siku, unaanza kujikagua. Nashuka garini narudi mara tatu kutazama swichi ya taa. Swichi imezimwa kila mara. Narudi tena.

Gari lenyewe limeniwekea faraja moja tu. Nikipiga stata, ile nobu ya choki ninayoivuta injini ikiwa baridi inapata joto mkononi mwangu. Asubuhi za baridi kali ni ya moto kabisa, naivulia glavu.

Aune


Gothenburg, 4 Februari 1975

Dada Aune,

Soma barua hii ukiwa umesimama, uende nayo garini.

Kuna mzee wa Kiswidi hapa depo ya mabasi, Sixten, fundi umeme, amebakiza mwaka mmoja astaafu. Ndiye Mswidi pekee anayeninunulia kahawa. Wengine husema kila Mfini hutembea na kisu, wakiniona wananiuliza kama changu nimekiacha nyumbani, kila siku utani huo huo, na kila siku wanacheka upya. Nilimtafsiria barua yako kwa Kiswidi changu cha kuokoteza. Betri tatu, mkanda umekaza, kumi na nne kwenye mita. Alikuwa anatafuna tu. Nilipofika kwenye nobu ya choki akaacha kutafuna.

"Rudia hapo."

"Nobu inapata moto."

"Na dada yako ameandika hilo kama jambo zuri?"

"Ndiyo."

Akapiga meza. "Huyo mwanamke amekuandikia jibu lote, na wewe umelisoma kama salamu! Choki ina waya wa chuma tu, hauna kazi na umeme. Ukipata moto, umeme unapita pale. Na umeme haupiti kwenye kichochoro kama barabara kuu iko wazi."

Dada, umeme hauendi tu, lazima urudi. Kutoka alternata unafika betri kwa waya mnene, na njia ya kurudi ni chuma chenyewe: kutoka betri hadi bodi, na kutoka bodi hadi injini kwa waya mmoja bapa uliosukwa kama nywele, waya wa athi. Uko chini, upande wa kulia wa injini, una boliti kila upande. Waya huo usipogusa chuma vizuri, injini inabaki kama kisiwa. Alternata inazalisha, lakini umeme hauna daraja la kufika kwenye betri. Unajipenyeza kwenye waya wa choki, na ule ni mwembamba, unaungua. Urho hakudanganya. Alipima kwenye alternata yenyewe, juu ya kisiwa, na kisiwani mambo yalikuwa mazuri. Angeweka ncha za mita kwenye vichwa viwili vya betri angeona kumi na mbili, na angenyamaza. Kipimo cha kweli mahali pasipo pake! Betri tatu, na hakuna siku hata moja aliyopima betri!

Usiende kwa Urho. Huhitaji mita. Washa injini, washa taa kubwa na feni, egesha ukitazama ukuta wa ghala. Chukua zile nyaya za kubustia, za kuazimia umeme wa gari jingine, tumia mmoja tu. Ncha moja bana kwenye kichwa cha betri chenye alama ya kutoa. Ncha ya pili bana kwenye chuma kitupu cha injini, kisicho na rangi wala mafuta, mbali na mkanda na feni. Taa zikipanda papo hapo, umepata.

Kisha zima, vua betri, fungua ule waya wa athi, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, boliti, waya na bodi vyote, ufunge tena kwa nguvu. Yaelekea mtu fulani alipaka kitu pale wakati fulani. Mambo hayo hutokea.

Reino


Hietavaara, 10 Februari 1975

Reino,

Salamu zote baadaye.

Nimefanya. Mama alishika tochi, goti na yote. Nilipobana ile ncha ya pili, ukuta wa ghala ulipasuka kwa mwanga, na mama akasema neno ambalo sikujua kwamba analijua. Nikaondoa, taa zikashuka. Nikabana, zikapanda. Nikafanya hivyo mara kumi, Reino, kama mtoto na swichi. Halafu niliketi kwenye theluji nikalia, si kwa furaha. Kwa zile mara tatu nilizorudi kukagua taa.

Kesho yake nilipeleka gari uwanjani kwa halmashauri kabla sijasugua chochote, nikamwita mwenyekiti, katibu na Urho. Nikawaonyesha: nikibana, nikiondoa. Mwenyekiti akasema, "Ajabu." Katibu akasema kulikuwa na baridi. Urho akasema, "Umekanyaga mafuta wakati unabana." Nilikuwa nimesimama mbele ya boneti, mita moja kutoka kwake! Ningekanyaga mafuta kwa mguu gani? Nikawaeleza yote, njia ya kurudi, kisiwa, choki. Nikaeleza tena. Nikaeleza mara ya tatu. Katibu akatazama saa. "Kamati itazingatia taarifa za kitaalamu," akasema. Ya kitaalamu ni ya Urho.

Jioni nikafungua ule waya. Sasa tuzungumze, wewe na mimi. Chini ya ile boliti kulikuwa na lami nyeusi ya kuzuia kutu, nene kama ganda la mkate, imepakwa kwa brashi, kwa uangalifu, hadi ndani ya tundu. Chumvi ya barabarani imeingia pembeni ikamaliza kilichobaki. Kopo la lami hiyo liko dirishani mwa sauna. Lina maandishi ya Kiswidi.

"Mtu fulani", Reino? "Wakati fulani"?

Kila Julai meli inawashusha wanaume wa Hietavaara waliotoka Uswidi, na kila mmoja lazima aonyeshe kitu. Mmoja anakuja na redio, mwingine na mke. Wewe ulikuja na makopo matatu, ukalala chini ya gari langu siku mbili, na majirani wakaja kutazama jinsi linavyong'aa kwa chini kama buti la jenerali. Nilijivuna pia. Sikukasirikii kwa lami. Nakukasirikia kwa yale maneno mawili.

Kamati ni tarehe ishirini. Taarifa ya Urho inasema dereva. Nataka yako iseme ukweli, kwa mkono wako, na iwahi.

Aune


Gothenburg, 14 Februari 1975

Dada Aune,

Nimeanza barua hii mara nne. Wakati Sixten anauliza, "Nani aligusa injini hiyo mara ya mwisho?" nilimjibu kwamba ni hadithi ndefu. Nilijua palepale. Niliiona brashi mkononi mwangu. Nilivua ule waya ili nipake vizuri chini yake, nikajisifu kwamba wengine wavivu hupaka juu tu.

Na kuna jingine, kwa sababu ukiandika taarifa ya kitaalamu lazima useme wewe ni nani. Mimi si fundi wa mabasi. Ninayaosha. Mwaka wa nne sasa, brashi ndefu na maji ya sabuni, mabasi arobaini kwa zamu. Ile ovaroli ya pichani niliazima. Nimeomba kazi ya gereji mara sita, na mara sita wameniambia sina cheti, na wakati huo huo fundi wao mwenye cheti ananiita pembeni nimsikilizie injini. Nimechoka, Aune. Krismasi sikuja kwa sababu mama angealika watu wanione.

Taarifa yao hii hapa. Kama Kifini cha ofisini sijui, cha kijijini wataelewa.

"Kwa Kamati ya Shule, Hietavaara. Mimi Reino Moilanen, mwosha mabasi, Gothenburg, nathibitisha kwamba mwezi Julai 1974 nilipaka lami ya kutu chini ya waya wa athi wa teksi ya Aune Moilanen, bila yeye kujua. Kwa sababu hiyo alternata ilifanya kazi lakini betri haikujaa. Betri mpya zisingesaidia, hata mia. Dereva hakuacha taa. Aliligundua kosa mwenyewe kwa kusema ukweli kuhusu gari lake, na amelirekebisha mwenyewe. Kama kuna uzembe ni wangu, na wa kila aliyepima mahali pamoja akaacha pengine. Anayebisha aende na mita, aweke kwenye betri, gari likinguruma na taa zikiwaka. Niko tayari kuulizwa."

Wasomewe kwa sauti. Mama akiwa karibu na wewe, mwambie wewe kabla hajaambiwa na mwingine.

Reino


Hietavaara, 22 Februari 1975

Mdogo wangu Reino,

Mama anakusalimu kwa jina lako lote. Nilimwambia juzi. Akasema alijua tangu Julai: fundi ana mikono myeusi kwenye mistari, yako ilikuwa myeupe na imepasuka kama ya mfuaji nguo. Picha haijashushwa. Anasema ovaroli imekupendeza.

Barua ilifika asubuhi ya kamati. Mwenyekiti aliisoma kwa sauti. Pale pa "mwosha mabasi" mtu wa nyuma alicheka, na pale pa "kila aliyepima mahali pamoja" hakucheka mtu. Wajumbe wakamtazama Urho. Mwalimu mkuu akamuuliza kama alipima kwenye betri. Urho akakohoa, akasema mita yake ilikuwa na haraka siku ile. Mita, Reino! Wakapiga kura, watano kwa wawili. Njia ya Ylikylä ni yangu hadi shule zifungwe, na mwaka ujao. Mama yake Pirjo alinishika mkono mlangoni, akaushika muda mrefu.

Mwenyekiti akanigeukia akitabasamu. "Basi, jambo limekwisha, Aune. Hata hivyo, uwe unakumbuka kuzima taa."

Nilikuwa nimeshavaa kofia. Nikaivua. Nikamwambia: maneno yaliyo kwenye karatasi hiyo niliyasema mimi, hapo uwanjani, mara tatu, waya mkononi, taa zikipanda na kushuka mbele ya macho yenu. Hamkuyaamini macho yenu. Leo mmeamini karatasi ya mtu anayeosha mabasi nchi nyingine, mtu aliyekiri kwamba yeye ndiye aliyeharibu, kwa sababu tu chini yake kuna jina la mwanamume. Nikamwambia katibu afute "uzembe wa dereva" kwenye kumbukumbu zake nikiwa nimesimama palepale. Akasema atafuta baadaye. Nikasema nina nafasi.

Nikavuta kiti, nikakaa mbele ya meza yake. Gari lilikuwa linanguruma nje, taa zote zimewashwa, feni juu kabisa, nimeliacha hivyo makusudi. Alichukua dakika ishirini kutafuta kalamu. Lilikuwa bado linanguruma alipofuta.

Dada yako,
Aune